Nimebandika tepu kiunoni: inafaa pesa yake?

Wakuu, ile tepu ya rangi mnayoiona kwenye mabega na magoti ya wanamichezo nimeijaribu kiunoni. Mimi dereva wa bajaji, kijiwe changu Tabata. Kiuno kimenisumbua tangu mwaka jana. Nikikaa sana kwenye usukani, kushuka mpaka nishike bomba.

Kliniki moja ya fiziotherapia pale Sinza waliniinamisha, wakabandika vipande viwili kandokando ya uti wa mgongo. Nikae nayo siku 3 hadi 5, kuoga ruksa. Ni pamba yenye gundi tu, inavutika, haina dawa ndani. Aliyeibuni ni Mjapani, Kenzo Kase, miaka ya 1970, ila wengi tuliiona Olimpiki ya Beijing, 2008.

Nafuu ipo, ila ndogo. Nikianza kujikunja, tepu inavuta ngozi, najikuta nimenyooka. Ikifika foleni ya jioni Buguruni, maumivu yako palepale. Namsifu dada aliyenihudumia kwa kutonidanganya: alinieleza utafiti wa Brazil uliotoka 2016, wagonjwa 148 wenye maumivu sugu ya kiuno, wote wakapewa mazoezi na tiba ya kukandwa kwa mikono, wengine wakaongezewa tepu. Hao wa tepu hawakupata nafuu ya ziada. Basi akanilaza kwenye mkeka, akanifundisha kunyanyua makalio na kukaza tumbo. Hayo nayafanya kila asubuhi kabla sijawasha chombo, na ndiyo yaliyonipa unafuu wa kweli.

Shida kubwa ni joto letu. Mgongo ukilowa jasho kwenye kiti cha rexini, pembe zinaanza kubanduka na kushika vumbi. Kata pembe ziwe mviringo, nyoa vinyweleo, ngozi iwe kavu isiyo na mafuta, kisha sugua tepu kwa kiganja ili gundi ipate moto ishike. Kutoa, paka mafuta ya nazi, bandua polepole. Ikiwasha, toa hapohapo.

Kliniki walinitoza elfu 20 kwa kubandikwa, ghali kwa kweli. Roli ya sentimita 5 kwa mita 5 nimeipata Kariakoo kwa elfu 15, mama watoto ananibandika mwenyewe siku za safari ndefu. Ukienda kliniki, lipia mazoezi. Na kama mguu unakufa ganzi au mkojo unakusumbua, achana na tepu, wahi hospitali.