Kitongoji Kilichopangwa kwa Familia Changa Inayohama: Uchambuzi Kabla ya Kutia Saini

Watazamaji wangu, karibuni. Leo tunachambua bidhaa ambayo huenda ikawa ghali kuliko zote ambazo familia changa itawahi kununua, nayo ni nyumba ndani ya kitongoji kilichopangwa. Ninakusudia lile eneo kubwa la viungani mwa mji ambalo kampuni moja imelinunua likiwa shamba au msitu, ikachora barabara, shule, bustani, maduka na mitaa ya nyumba kabla mkazi wa kwanza hajafika, kisha ikaanza kuuza kwa awamu. Anayenunua humo anachukua vitu vitatu kwa mpigo: nyumba yenyewe, mpango ambao mara nyingi haujakamilika, na chama cha wamiliki kitakachomtoza ada na kumwekea masharti muda wote atakaokuwa mmiliki. Watu huikagua sana nyumba, wakafungua makabati na kupima vyumba, ilhali hivyo viwili vingine ndivyo vinavyoleta majuto. Kwa hiyo nitakaa zaidi huko, nikiwalenga hasa wazazi wanaohama kwa sababu ya kazi, wenye mtoto mdogo au wanaomtarajia, ambao wanatakiwa kuamua upesi kuhusu mahali wasipopafahamu.

Tuanze na mpango. Wazo lenyewe ni la zamani: Mwingereza Ebenezer Howard alitetea miji ya bustani mwishoni mwa karne ya 19, na mji wa Letchworth ulianza kujengwa mwaka 1903. Hata hivyo, kwa mzazi, mfano wa kuutazama kwa makini zaidi ni Radburn, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, uliobuniwa na Clarence Stein na Henry Wright na kuanza kukaliwa mwaka 1929. Pale nyumba zina nyuso mbili. Upande mmoja kuna kichochoro kifupi cha magari kisichopenya, na upande wa pili kuna njia ya miguu inayoelekea kwenye bustani ya pamoja, na penye barabara kubwa njia hiyo inapita chini ya daraja, hivyo mtoto anafika bustanini na shuleni bila kulazimika kukatiza mbele ya magari. Ni ubunifu uliofikiriwa kwa kimo cha mtoto, na mimi sijaona kilichouzidi kwa busara.

Lakini Mdororo Mkuu wa uchumi ulioanza mwaka huohuo uliifilisi kampuni iliyokuwa ikijenga, na sehemu ndogo tu ya mji uliokusudiwa ndiyo iliyosimama. Reston, katika jimbo la Virginia, ulianzishwa na Robert E. Simon mwaka 1964, na kufikia mwaka 1967 mradi ulikuwa umeshamtoka mikononi na kuchukuliwa na kampuni ya mafuta ya Gulf. Reston uliendelea kukua na leo ni mji hai, lakini waliohamia mwanzoni walijikuta wakishughulika na mwenye mradi ambaye si yule waliyemwamini. Ndiyo maana ninawaomba, mkiwa mmesimama mbele ya ule mchoro mkubwa wenye rangi katika ofisi ya mauzo, muulize jambo moja kwa kila kitu kinachoonyeshwa: je, kimejengwa, au kina mkataba na fedha zilizotengwa, au kimechorwa tu? Kiwanja cha shule, kwa mfano, kinaweza kuwa kimeshakabidhiwa kwa mamlaka ya elimu, au kikawa ni pembe nne za kijani kwenye karatasi zenye neno "inakusudiwa" kwa herufi ndogo. Katika uchambuzi huu, kilichochorwa tu ninakipa alama sifuri. Si kwamba kampuni zote hudanganya, bali mtoto wa miaka mitatu leo atahitaji shule ya msingi baada ya miaka mitatu au minne, naye hawezi kusubiri soko la nyumba lichangamke.

Jambo la pili, ambalo kwangu lina uzito kuliko mabwawa ya kuogelea na kumbi za mazoezi, ni miguu ya mtoto. Mwaka 1929 Clarence Perry, mtaalamu wa mipango miji wa Marekani, alipendekeza kwamba mtaa upangwe kwa kuizunguka shule ya msingi, barabara kubwa zikae pembezoni, na umbali wa kutembea uwe ndio kipimo cha ukubwa wake. James Rouse alipofungua Columbia, katika jimbo la Maryland, mwaka 1967, aliligawa eneo katika vijiji, kila kijiji kikiwa na kituo chake cha maduka, na mitaa ikapangwa kuzunguka shule. Hata masanduku ya barua yaliwekwa kwa mafungu, badala ya moja kwa kila mlango, ili majirani wakutane wanapokwenda kuchukua barua zao. Hilo la masanduku linanigusa sana, kwa sababu familia iliyohamia ugenini haikosi nyumba, inakosa watu.

Basi fanyeni jaribio hili, na mlifanye kuanzia kwenye mlango wa nyumba mnayotaka kununua, kwa kuwa ofisi ya mauzo daima hujengwa penye mandhari bora. Chukueni kigari cha mtoto, mwende hadi uwanja wa michezo ulio karibu, kisha hadi geti la shule, kisha hadi duka la kwanza. Mita 400 ni kama dakika tano kwa mtu mzima, na kwa mtoto wa miaka minne anayesimama kila anapoona mdudu ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Tazameni kama njia ya miguu inakatika ghafla na kuwaacha kwenye majani, kama kuna kivuli, kama ukingo wa barabara umeteremshwa ili magurudumu yapite, na kama barabara mnayovuka ni pana kiasi cha kuwashawishi madereva kukanyaga mafuta. Vitongoji vingi vinajisifu kwa urefu wa njia zao, lakini ukifuata njia hizo unakuta zinazunguka ziwa na kukurudisha ulikotoka. Ni nzuri kwa matembezi ya jioni, ila hazimfikishi mtoto shuleni wala hazimfikishi mzazi asiye na gari kwenye duka la dawa.

Sasa fedha, na hapa naomba uvumilivu, kwa kuwa ndipo penye utata mwingi. Kitongoji kipya kinahitaji mabomba ya maji, mfumo wa maji taka na mitaro kabla ya nyumba ya kwanza kuuzwa, na gharama hiyo ni kubwa. Katika maeneo mengi huundwa chombo maalumu cha umma kinachouza hati fungani, yaani hati za kukopa fedha kwa wawekezaji, ili kupata fedha hizo, na deni linalipwa na wenye nyumba kupitia kodi, kwa miaka mingi. Texas wana wilaya za huduma za maji. California wana sheria ya mwaka 1982 inayojulikana kama Mello-Roos, iliyopitishwa baada ya Pendekezo la 13, lililopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1978, kubana kodi za majengo. Florida wana wilaya za maendeleo ya jamii tangu mwaka 1980. Si ulaghai, na mara nyingi ndiyo njia pekee ya kupata miundombinu mizuri mapema. Tatizo ni kwamba nyumba mbili zenye bei sawa, moja katika mtaa wa zamani na nyingine katika kitongoji kipya, zinaweza kutofautiana sana katika kile kinachotoka mfukoni kila mwezi. Ulizeni kwa maandishi: deni lililobaki ni kiasi gani, litamalizika mwaka gani, je, kuna hati fungani nyingine zilizoidhinishwa ambazo bado hazijauzwa, na mzigo utakuwaje ikiwa awamu zilizobaki zitachelewa kupata wanunuzi?

Kuna mtego mdogo ndani ya huo mkubwa. Nyumba mpya inaweza kukadiriwa kodi ya mwaka wa kwanza kwa thamani ya kiwanja kitupu, kwa sababu siku ya ukadiriaji ilipofika nyumba ilikuwa haijasimama. Familia inaona malipo ya mwezi yanabebeka, inanunua samani, inaandikisha mtoto chekechea, na mwaka unaofuata kodi inakadiriwa juu ya nyumba nzima. Fanyeni hesabu yenu kwa thamani kamili tangu siku ya kwanza.

Juu ya kodi kuna ada ya chama cha wamiliki. Wakati mauzo yanaendelea, kampuni huwa na kura nyingi katika chama, nayo ina kila sababu ya kuweka ada chini ili nyumba ziuzike. Baadaye chama kinakabidhiwa kwa wakazi pamoja na bwawa, taa, mabomba ya kumwagilia na paa la ukumbi, vitu ambavyo vyote vitachakaa. Kwa hiyo ulizeni kuhusu mfuko wa akiba ya matengenezo makubwa na tathmini yake ya mwisho. Ombeni pia kumbukumbu za mikutano za miaka miwili au mitatu, na mzisome neno kwa neno, maana humo ndimo utaona bwawa lililofungwa msimu mzima, kesi kuhusu uzio, na mjumbe aliyejiuzulu kwa hasira. Hakuna kipeperushi kitakachokueleza hayo. Katika masharti, wengi huangalia rangi ya ukuta na urefu wa majani. Ninyi angalieni kama mnaruhusiwa kulea watoto wa wengine nyumbani kwa malipo, kama gari la kazi linaweza kulala nje, na zaidi ya yote kama mnaruhusiwa kupangisha. Familia iliyohamishwa na mwajiri mara moja inaweza kuhamishwa tena, na nyumba isiyoruhusiwa kupangishwa, katika soko lililolala, inakuwa kamba ya mguuni.

Kuhusu maji ya mvua, nitasema kwa uzito wote. Eneo linaloitwa la mafuriko ya miaka 100 lina uwezekano wa asilimia 1 wa kufurika kila mwaka, na katika mkopo wa nyumba wa miaka 30 uwezekano huo unajumlika kufikia takribani asilimia 26, yaani zaidi ya familia moja kati ya kila nne. Magharibi mwa jiji la Houston, Texas, mitaa kadhaa iliyopangwa ilijengwa ndani ya eneo ambalo mabwawa ya kuzuia mafuriko ya Addicks na Barker, yaliyojengwa katika miaka ya 1940, yalikusudiwa kulijaza maji yakizidi. Kimbunga Harvey kilipokuja mwaka 2017, maji yalipanda hadi sebuleni. Kwenye baadhi ya ramani za upimaji kulikuwa na tanbihi ikisema kwamba ardhi hiyo inaweza kufunikwa na maji, lakini wanunuzi wengi hawakuwahi kuiona ramani yenyewe. The Woodlands, kaskazini mwa jiji hilohilo, uliofunguliwa na George Mitchell mwaka 1974, ulipangwa kwa ushauri wa mbunifu wa mandhari Ian McHarg ili maji yafuate mikondo yake ya asili na kufyonzwa na udongo wa msituni, na mpango huo umesifiwa kwa haki. Hata hivyo, huko nako baadhi ya nyumba zilifurika wakati wa Harvey. Ubora wa kitongoji kizima hauihakikishii usalama nyumba moja. Iangalieni ramani ya upimaji ya kiwanja chenu ninyi wenyewe, pamoja na tanbihi zake zote.

Shule nitaipitia kwa ufupi. Mipaka ya shule hupangwa na mamlaka ya elimu, na kitongoji kinachokua haraka hujaza madarasa, kisha mipaka inasogezwa, hivyo nyumba inayotazamana na geti la shule inaweza siku moja kupangiwa shule nyingine. Mwulizeni ofisa wa elimu, si muuzaji, kuhusu idadi ya wanafunzi ikilinganishwa na nafasi zilizopo. Kuhusu bwawa la kuogelea, hakikisheni tu kama ada mnayolipa inawaruhusu kuingia, kwa kuwa kuna mahali ambapo kiingilio kinalipiwa kando.

Kinachosahaulika ni mzazi atakayebaki nyumbani. Anayekwenda kazini atapata watu wapya kwa sababu ya kazi. Anayebaki na mtoto mchanga, katika awamu mpya ambayo nusu ya nyumba bado ni misingi na malori ya mchanga yanapita tangu asubuhi, anaweza kumaliza wiki nzima bila kuongea na mtu mzima mwingine. Kwa upande mwingine, vitongoji hivi vina neema moja ya kweli, kwamba familia nyingi hufika kwa wakati mmoja zikiwa na watoto wa rika moja, nazo zote zinatafuta marafiki. Tembeleeni uwanja wa michezo saa kumi jioni siku ya kazi, mwone kama kuna wazazi wanaozungumza, kisha endesheni gari hadi kazini katika saa ile ile ya msongamano ambayo mtaishi nayo.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kwa familia changa inayohamia ugenini, ningechagua nyumba iliyokwisha kukaliwa, katika sehemu iliyokamilika ya kitongoji kinachoendelea kujengwa, karibu na shule ambayo tayari inafundisha, hata kama ni ndogo kuliko ile mpya ya pembezoni. Na kama mwajiri na mfuko vinaruhusu, ningepanga nyumba kwanza ndani ya kitongoji hichohicho kwa mwaka mmoja. Mkataba wa pango uandikwe ili umalizike wakati wa likizo ndefu ya shule, na mwombe mwenye nyumba aweke kipengele cha kuongeza mwezi mmoja mmoja, kwa sababu taratibu za mkopo na uhamisho wa hati mara nyingi huchelewa, na mtoto hapaswi kubadilishiwa darasa katikati ya muhula kwa kuwa karatasi moja haijagongwa muhuri.