Makaroni za kupikia kila siku: zipi za kununua kwanza

Anayechemsha makaroni mchana ili zibaki nyingine za usiku ajiulize jambo moja kabla ya kutoa fedha: je, zitabaki nzima zikirudishwa jikoni na kupashwa moto ndani ya rojo? Nimezipanga kwa kigezo hicho.

Ya kwanza ni pakiti ambayo viambato vyake vinataja semolina ya ngano ngumu, iitwayo durum, kwa kuwa protini ya ngano hiyo hufumbata wanga usivujie majini. Nchini Italia sheria ya mwaka 1967 ilikataza makaroni kavu kutengenezwa kwa ngano nyingine. Kipande chake kikivunjwa hukatika kwa mlio mkavu, bila kuacha vumbi vidoleni. Rangi ya njano peke yake isikudanganye, maana rangi hutiwa. Soma maandishi madogo ya nyuma.

Ya pili ni ile iliyochanganywa na unga wa ngano wa kawaida, au iliyotengenezwa kwa unga huo mtupu. Bei yake ni nafuu, na kwa makaroni za tui la nazi, sukari na iliki, ambazo huliwa zikiwa laini, sioni sababu ya kulipa zaidi. Kwa nyama ya kusaga, hata hivyo, ziepue dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa, kwani zitamalizia kuiva ndani ya rojo.

Za kupima kutoka gunia naziweka ya tatu. Niliwahi kununua nusu kilo dukani mtaani, zikafika nyumbani na kiganja kizima cha vumbi chini ya mfuko. Zilipochemka, maji yaligeuka uji na chujio likaziba. Ukilazimika, omba zichotwe za juu, na uangalie kama zina fukusi.

Za ngano isiyokobolewa zina nyuzinyuzi nyingi, lakini watoto wangu huzisukuma pembeni mwa sahani, hivyo kwangu zimebaki za mwisho.

Kuhusu kiasi, gramu 500 kavu hutosha watu watano au sita, na zikichemshwa hupita kilo moja. Pakiti za gramu 400 hufanana sana na hizo rafuni, kwa hiyo gawanya bei kwa uzito kabla ya kuamini kwamba umepata rahisi.