Ofisi ya tafsiri ya Wandegeya: maoni yangu baada ya fomu ya kurasa 14

Mimi ni mratibu wa majaribio ya dawa, na kabla ya hapo nilikuwa nesi wa wodi ya watoto huku mashariki mwa Uganda. Mwaka huu nilihitaji fomu ya ridhaa ya Kiswahili kwa wazazi Wakongomani wa makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, magharibi mwa Uganda. Utafiti wenyewe ni wa dawa ya kuzuia malaria kwa watoto. Nikaipeleka kwenye ofisi ya watu wanne iliyo juu ya duka la fotokopi, Wandegeya, hapa Kampala. Niseme mapema kwamba nitarudi kwao.

Kampuni niliyotumia miaka iliyopita ilinifanyia kazi kwa siku mbili, Kiswahili kimenyooka, sarufi safi. Tulipofika kijijini ndipo nikaona. Walikuwa wameandika kwamba mtoto atapangwa kwa "bahati nasibu", na mama mmoja mlokole akafunga fomu: mwanawe hachezewi kamari. Kidonge kisicho na dawa walikiita "dawa bandia", katika nchi ambayo kila mtu amesikia habari za dawa feki madukani. Makundi ya utafiti yakawa "mkono wa kwanza" na "mkono wa pili". Baba mmoja aliniuliza ni mkono upi wa mtoto utakaochomwa, na swali lake lilikuwa la haki kabisa.

Kwa nini nashikilia maneno namna hii? Nilipokuwa wodini, mtoto akiletwa na homa kali na mikono baridi, tulimfungulia dripu ya maji kwa kasi. Ndivyo tulivyofundishwa. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto 3,141. Kati ya waliopewa maji kwa kasi, karibu 11 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya wasiopewa, kama 7. Nilikaa na karatasi ile nikiwakumbuka watoto niliowafungulia dripu kwa mikono yangu mwenyewe. Kisha nikaomba kazi ya utafiti. Jibu lile tulipewa na wazazi waliokubali watoto wao waingie, na mzazi hawezi kukubali jambo ambalo hajalielewa.

Basi turudi Wandegeya. Mtafsiri aliyepewa fomu yangu ni dada aliyekulia Bunia, mji wa Ituri, mashariki mwa Kongo. Siku ya tatu alinipigia simu kuhusu neno moja: "kufuatiliwa". Tulikuwa tumeandika kwamba mtoto atafuatiliwa kwa miezi 6. Akaniambia, "Mama, hawa watu wamekimbia Ituri. Ukimwambia mtu utamfuatilia, anauliza nani amekutuma." Miaka yote hii nimelitumia neno hilo bila kulisikia. Akaweka: "Tutaonana na wewe na mtoto mara moja kila mwezi, kwa miezi 6." Kupangwa katika makundi kukawa: "Kompyuta ndiyo itakayochagua, si daktari, si wewe, si sisi." Damu ya mililita 5 ikawa kijiko kimoja cha chai.

Halafu walifanya jambo ambalo sijaliona kwingine. Kabla ya kunikabidhi, waliwaketisha Wakongomani watano wasiohusika na utafiti, wakawasomea fomu, kisha wakamwomba kila mmoja aieleze upya kwa maneno yake. Pale wawili walipokwama, sentensi iliandikwa tena. Mmoja alishangaa kuona neno "mganga" halimo, maana kwao munganga ndiye daktari. Wakaliacha "daktari", kwa kuwa wote watano walilijua na kwa Waganda "mganga" ni mtu mwingine kabisa.

Bei: shilingi 40,000 kwa ukurasa, na 20,000 kwa ukurasa wa tafsiri ya kurudi Kiingereza, ambayo hufanywa na mtu mwingine asiyeiona fomu ya awali. Jumla nililipa 840,000. Si rahisi, ila kamati ya maadili ya utafiti iliipitisha bila kurudisha hata ukurasa mmoja. Siku tisa zilitosha. Wao wenyewe waliahidi saba, kwa hiyo mkipanga ratiba yenu ongezeni siku mbili. Risiti ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, ilinichelewesha zaidi. Mhasibu wetu alinifuata karibu wiki nzima, nami nikawafuata wao. Hapo wajirekebishe. Ngazi ni kali, na hakuna pa kuegesha gari. Njooni na bodaboda.

Kyangwali nilikuwepo siku ya kwanza ya usajili. Mama mmoja asiyejua kusoma alisomewa yote mbele ya shahidi wake, akauliza kama akijitoa mtoto bado atatibiwa. Nikamwambia ndiyo, imeandikwa ukurasa wa 9. Akasema, "Nimesikia, nilitaka uniambie wewe." Akaweka dole gumba.

Sasa nawapelekea fomu ya watoto wenyewe, maana hapa Uganda kuanzia miaka 8 mtoto naye huombwa kukubali. Nimewaomba waketi na watoto watano kwanza.