Rimini mwezi wa Agosti: bahari poa, mchanga wa kulipia

Nimerudi Nairobi wiki jana na kila mtu kazini ananiuliza Italia kulikuwaje, sasa wacha niandike hapa mara moja nipumzike. Nilikaa Rimini, mji wa ufuoni huko Italia, siku 6. Dadangu anafanya kazi Bologna na ndiye alisema tukutane huko, kwa sababu kwa treni ni kama saa moja na nusu tu. Nawapa nyota 3 na nusu kwa 5.

Kwanza toa ile picha ya Diani kwa kichwa. Ufuo wa Rimini ni mrefu, kilomita 15 hivi, lakini huwezi kufika na leso yako ukatandika mahali moyo umependa. Umekatwa vipande, kila kipande kinaitwa bagno na kina namba yake, zinaanzia 1 karibu na bandari zinaenda mpaka mia na kitu, na kila bagno ina miavuli ya rangi yake imepangwa kwa mistari kama mahindi ya Kitale. Mwavuli mmoja na vitanda viwili tulilipa euro 28 kwa siku, hiyo ni zaidi ya elfu nne zetu, na bado tukawekwa mstari wa nyuma kabisa huko ambako bahari unaisikia tu, kwa sababu mbele bei inapanda. Ukitaka ya bure uliza spiaggia libera, iko moja karibu na bandari, lakini ufike mapema. Halafu ule ukanda wa mita 5 kando ya maji ni wa watu wote kupita, tembea kutwa nzima hakuna atakayekuuliza, ila usithubutu kutandika kitu. Sisi tulitandika. Dakika kumi hazikuisha.

Sitasema hiyo pesa inaenda bure lakini. Vyoo ni visafi, bafu zipo, waokoaji wako macho, na maji hayana kina, unatembea mpaka uchoke na bado yako kiunoni, kwa hivyo mwenye watoto atapumua. Kwetu Malindi maji yakipwa unabaki na mawe na kaa, huko asubuhi na jioni bahari iko palepale. Ila rangi sasa... mtu amezoea Watamu asitarajie ile bluu. Ni kijani imechanganyika na kahawia kidogo, na ukiingiza kichwa ndani hakuna cha kuona.

Chakula ndicho kilinimaliza. Kuna kitu inaitwa piadina, kwa macho yangu hiyo ni chapati tu, nyembamba, haina safu kama zetu, inakunjwa na jibini laini la squacquerone na majani ya rucola ndani, unakula umesimama kwa kibanda na hailetei mfuko presha. Nilikula kila siku. Angalizo kwa wasiokula nguruwe: ya kienyeji hukandwa na strutto, hayo ni mafuta ya nguruwe, omba ya olio d'oliva, yaani mafuta ya zeituni, vibanda vingi wanayo.

Sasa hoteli fulani ya samaki karibu na ufuo, jina naliacha. Menyu imeandika samaki wa kuchoma euro 6, mimi nikajipigia hesabu hapo, eh, bei nafuu, nikaagiza mkubwa. Bili kuja: euro 39 kwa huyo samaki peke yake! Kumbe bei ni ya etto moja, yaani gramu 100, na hilo neno limeandikwa herufi ndogo kama za masharti ya mkopo. Na mimi ni mtu wa Kenyatta Market, nyama napimiwa kwa mizani nikiangalia, nimepigwa namna gani hiyo. Juu yake wanaongeza coperto, pesa ya kukaa tu mezani, kila kichwa euro 2 na nusu. Dadangu alicheka mpaka akalia, alikuwa anajua na akanyamaza.

Kama una siku nyingi usizimalizie zote mchangani. Nenda mji wa zamani, ni mwendo wa miguu kutoka ufuoni. Kuna daraja la Tiberius, la Warumi wa kale, lililomalizwa mwaka 21, sio 1921, mwaka 21, na watu bado wanalivuka, sisi huku daraja likipita mvua moja ya masika tunashukuru. Fellini wa filamu alizaliwa mji huo 1920 na wanamtaja kila kona, mimi filamu zake sizijui kwa hivyo nilipita tu. Kilichonibamba ni San Marino, nchi nzima juu ya mlima, basi unapandia mbele ya stesheni ya treni na haichukui hata saa moja. Mpakani hakuna aliyeuliza pasipoti. Ukitaka mhuri wa ukumbusho unalipa euro 5 kwa ofisi ya watalii, nililipa, nimewaonyesha watu wote wa ploti. Kule juu kuna minara mitatu, upepo mkali, na Rimini yote unaiona chini.

Kosa letu kubwa lilikuwa tarehe. Tarehe 15 Agosti ni Ferragosto, sikukuu yao, Italia nzima inahamia baharini, vyumba vimejaa, bei juu, treni unasimama kama uko kwa matatu ya Rongai jioni. Nenda Juni mwanzoni au Septemba. Na visa ya Schengen, ile ya kuingia Italia na nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90, hairudishwi ukikataliwa, anza mapema.

Asubuhi ya mwisho nilishuka ufuoni saa kumi na mbili, jua linatoka baharini kama kwetu, miavuli yote imefungwa, wazee wanatembea tu majini polepole. Mzee mmoja wa bagno alikuwa anachana mchanga na reki, akauliza tumetoka wapi. Nikasema Kenya. Akaacha reki: "Malindi!" Amekuja mara mbili, jambo anajua, pole pole anajua, akatufungulia vitanda viwili vya mbele kabisa, na hakudai hata senti.