Safari ya Familia Kusini mwa Afrika: Tathmini ya Wakala Wetu
Wakala wa hapa Nairobi aliyetupangia safari ya siku 12, sisi wazazi, watoto wawili na mama mkwe, alitutendea vyema, isipokuwa Cape Town, ambako alitukatia tiketi za siku isiyo yetu za kivuko cha Robben Island, alikofungwa Mandela miaka 18 kati ya 27. Katika Hifadhi ya Kruger tulimwona chui mtini. Kilichonigusa zaidi ni Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale yenye kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa, zinazofika kimo cha mita 11, palipopatikana hata sarafu ya Kilwa. Binti yangu aliweka kiganja juu ya jiwe lenye joto la jua, akauliza iwapo wafanyabiashara wa pwani walifika huko. Saa tatu pale hazitoshi. Wakala atenge siku nzima.