Anka za kabari za M10, M12 na M16 kwenye zege: uzoefu wangu Nairobi

Hizi ni bolti (M10 maana yake kipenyo cha milimita 10, na kadhalika) zenye nyuzi upande mmoja, na upande wa pili koni iliyovishwa klipu ya chuma. Ukikaza nati, koni inavutwa juu, klipu inapanuka na kung'ang'ania kuta za tundu. Nazitumia kufungia nguzo za chuma, stendi za matangi ya maji, kompresa na rafu za ghala. Kwenye zege nzima iliyo imara nazipa tano kwa tano. Kwenye kuta nyingi za Nairobi sizipi hata moja, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Gorofa nyingi za Kasarani, Roysambu au Umoja zina nguzo na boriti za zege, lakini katikati kumejazwa mawe ya kuchongwa, mengi yakiwa ya Ndarugu. Plasta ikishapigwa huwezi kutofautisha kwa macho. Jiwe hilo ni laini, na viungo vyake vya mota ni dhaifu zaidi. Klipu ikipanuka inalisaga jiwe badala ya kulishika. Unakaza, unakaza, nati haifiki mwisho, na bolti inapanda taratibu kutoka ukutani. Kwa ukuta wa aina hiyo tumia anka ya kemikali, yaani gundi kama epoksi ndani ya tundu, na fimbo ya nyuzi, au pitisha bolti hadi upande wa pili na uweke bamba nyuma.

Drili yenyewe itakuambia umetoboa nini. Vumbi la zege nzuri ni la kijivu, laini kama unga, na biti inashuka polepole kwa mwendo uleule. Vumbi likibadilika rangi na biti ikazama ghafla, uko kwenye jiwe, skridi (tabaka la mota juu ya slabu) au uwazi. Slabu za mabloku matupu nazo ni za kuangaliwa sana: juu ya bloku zege huwa nyembamba, na anka ya M12 inaweza kutokezea ndani ya uwazi isishike chochote. Tafuta mbavu za zege kwenye mchoro wa jengo kabla ya kutoboa. Kama slabu ina nyaya za chuma zilizovutwa ndani, kama zilivyo baadhi ya majengo ya ofisi na maduka makubwa, usiguse bila mhandisi. Kukata waya mmoja ni hatari kwa maisha.

Dukani, jambo la kwanza ni kipimo. Anka ya kabari inatumia tundu la kipenyo chake: M10 biti ya 10, M12 biti ya 12, M16 biti ya 16. Ukiomba "rolboti" tu unaweza kupewa ile yenye ganda nene, ambayo kwa M12 inataka tundu la milimita 20. Pia hadwea nyingi zina za inchi na za milimita pamoja. Ya 3/8 ni milimita 9.5, ukiitia kwenye tundu la 10 inazunguka tu. Ya nusu inchi ni 12.7, haiingii kwenye tundu la 12, na fundi akiongeza biti hadi 14 kazi imeharibika. Beba kalipa, pima bolti mwenyewe.

Urefu unahesabiwa, haukisiwi. Chukua M12 na bamba la milimita 10. Ndani ya zege nataka 80, bamba 10, washa 2.5, nati 10, na nyuzi chache za kubaki juu, tuseme 6. Jumla ni 108.5, kwa hiyo bolti ya 120 inatosha, ya 100 haitoshi. Sasa weka kigae na gundi yake milimita 15, na skridi 40 chini yake: hesabu inapanda hadi karibu 165, maana skridi si zege na haihesabiwi kama kina cha kushika. Hapo mimi huchagua kuvunja kigae na skridi pale bamba linapokaa, nikateremka hadi slabu. Bolti ndefu inayopita kwenye tabaka laini inapinda mzigo ukija wa pembeni. Anka nzuri nyingi zina herufi iliyogongwa kichwani inayoonyesha urefu; msimamizi anaweza kuisoma hata baada ya kufungwa.

Rangi ya chuma pia ina maana. Zinki ya kawaida inayong'aa ni ya ndani pakavu. Kwa paa la wazi, stendi ya tangi au mahali panapooshwa, nunua iliyochovywa kwenye zinki ya moto au ya stenlesi.

Kutoboa: tumia drili ya SDS, yaani drili ya nyundo yenye biti za mkia wa mifereji, si drili ya kawaida yenye kitufe cha nyundo. Biti iliyochakaa inatoa tundu jembamba, na anka inapigwa kwa nguvu hadi nyuzi zinaharibika. Kwa M12 hiyo toboa milimita 90 hadi 95, wima kabisa. Ukigonga nondo, simama. Ukilazimisha, biti inateleza na tundu linakuwa la yai. Hama kwa umbali wa angalau mara mbili ya kina cha tundu, na la zamani lijaze mota kali isiyosinyaa.

Kusafisha ndiko kunakorukwa zaidi, na ndiko ninakokasirikia zaidi. Puliza kwa pampu ya mkono, sugua kwa brashi ya waya, puliza tena hadi vumbi liache kutoka. Vumbi likibaki, klipu inateleza juu yake na anka inasogea kabla ya kushika. Usimwage maji: yanageuza vumbi kuwa tope linaloganda ukutani.

Fungua nati hadi iwe sawa na kichwa cha bolti, ndipo ugonge. Bila hivyo nyundo inaponda nyuzi. Gonga mpaka washa ikae kwenye bamba. Kwa anka za daraja la juu, vipimo vya kawaida vya nguvu ya kukaza ni nyutoni-mita (Nm) 45 kwa M10, 60 kwa M12, na 110 kwa M16. Za bei ya chini mara nyingi huhitaji pungufu ya hapo, fuata karatasi ya mtengenezaji. Huna spana ya kupima? Spana ya sentimita 30 ikivutwa mwishoni kwa nguvu ya kilo 20 hivi inakupa karibu Nm 60. Anka nzima inashika ndani ya mizunguko 3 hadi 5 baada ya kukaza kwa vidole. Ikipita hapo na bado inazunguka, iache hiyo.

Reli za balkoni ni mahali pa kukataa kazi. Kabari inasukuma zege kwa nje, kwa hiyo nataka angalau mara 5 ya kipenyo hadi ukingoni na mara 10 kati ya bolti na bolti: kwa M12 ni milimita 60 na 120. Mabamba mengi ya reli yanaweka tundu sentimita 4 kutoka ukingo, na kona ya slabu inapasuka wakati wa kukaza au, vibaya zaidi, siku mtu anapoegemea. Hapo epoksi, ambayo haipanui chochote, au bamba lifungwe ubavuni mwa boriti kwa mchoro wa mhandisi. Na slabu mpya isiguswe kabla ya siku 28.

Zikishashika kwenye zege, anka hizi hazing'oki. Kama mashine itahamishwa baadaye, toboa tundu kina zaidi ya urefu wa bolti nzima, mradi slabu ina unene wa kutosha, ili siku hiyo ufungue nati na kuigonga bolti izame chini ya sakafu. Bila hivyo itabidi ukate kwa grainda.