Billy Idol: ndani ya bendi au peke yake?

Generation X, bendi ya panki (roki ya kasi na ya uasi) iliyoundwa London mwaka 1976, ilimpa mwimbaji Billy Idol magitaa ya kasi, nyimbo fupi na wenzake watatu wa kugawana nao sifa. Baadhi ya wapenzi wa panki walimwona mtanashati mno kwa kazi hiyo. New York, alikohamia mwaka 1981, utanashati ukawa mtaji: MTV, runinga ya video za muziki, ilianza mwaka huohuo, ikahitaji sura. Kinanda cha umeme na mdundo wa dansi vikaingia, gitaa akashika Steve Stevens. Hata hivyo, wimbo “Dancing with Myself” aliuimba kwanza na bendi, kisha akautoa tena kwa jina lake. Mimi nachagua albamu yake Rebel Yell ya 1983: hasira bado imo, ila sasa inachezeka.